Kabla Milango ya Ghala Haijafunguliwa: Mwongozo wa Kuzuia Ajali katika Maghala na Mabanda ya Korosho

Kuanzia mwezi wa Oktoba, minada ya korosho inapoanza, maghala ya Mtwara na Lindi hubadilika sura ndani ya siku chache. Jengo lililokuwa na popo na mabaki ya mbaazi hupokea magunia mchana na usiku, maroli hupanga foleni hadi barabarani, na vijana ambao jana walikuwa shambani huajiriwa asubuhi na kubebeshwa mzigo saa hiyohiyo. Hali hii imekuwa ya kawaida tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi mazao ghalani na kupewa stakabadhi hadi yauzwe mnadani, uanze kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, kwa kuwa mfumo huo unakusanya mahali pamoja mazao ambayo zamani yalitawanyika kwa wanunuzi wengi. Mazao yanapokusanyika, na hatari hukusanyika.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msimamizi wa ghala la chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, yaani AMCOS, na kwa mtu au kikundi kinachoendesha banda dogo la kubangua, yaani kuzitoa korosho kwenye ganda. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake, na eneo la kazi linatakiwa kusajiliwa kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Hata hivyo, nimeona mara nyingi wajibu huo ukitafsiriwa kuwa ni kununua glavu na barakoa, kwa sababu ni vitu vyepesi kununua na vinaonekana vizuri mkaguzi anapofika. Glavu haizuii rundo la magunia kuanguka, na barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Vifaa kinga ndiyo ngome ya mwisho, na hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia hilo.

Hatua ya kwanza: lifuate gunia tangu linaposhuka hadi linapoondoka

Wiki mbili kabla ya kupokea mzigo, msimamizi atembee eneo lote akiwa na daftari, asitembee kiholela bali afuate njia ileile ambayo gunia litapita: kutoka kwenye roli hadi mizani, kutoka mizani hadi kwenye rundo, kutoka kwenye rundo hadi kwenye roli litakalokwenda bandarini Mtwara. Penye banda la kubangua, afuate njia ya korosho yenyewe, kuanzia kwenye chombo cha kuchemshia hadi kwenye meza ya kubangulia na kwenye tanuri. Kila mahali ambapo mtu atasimama, atainama, atapanda au atapishana na gari, aandike ni kitu gani kinaweza kumuumiza hapo.

Asitembee peke yake. Amchukue kuli mmoja mzoefu na mama mmoja wa meza ya kubangulia, kwa kuwa wao wanajua mambo ambayo hayaonekani ghala likiwa tupu, kwa mfano ubao gani wa kupandia rolini huwa unapinda, au ni kona gani maji huingia mvua za Desemba zikianza.

Kwa kila kihatarishi kilichoandikwa, maswali yaulizwe kwa mpangilio huu na usigeuzwe: je, hatari hii inaweza kuondolewa kabisa? Kama haiwezekani, je, inaweza kubadilishwa kwa kitu chenye madhara kidogo, au kuwekewa kizuizi? Kama hilo nalo halitoshi, ni utaratibu gani wa kazi utakaoipunguza? Swali la vifaa kinga liwe la mwisho. Chukua mfano wa ubao uliopinda: jibu la kwanza ni kuuchoma kuni na kununua mwingine mpana wenye vipande vya mbao vilivyopigwa kukingama ili mguu usiteleze. Kumwambia kuli awe mwangalifu si jibu.

Hatua ya pili: punguza safari za gunia mgongoni

Gunia la juti la korosho ghafi lina kilo 80 hivi. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaka mzigo unaobebwa na mwanamume mzima mmoja ushushwe usizidi kilo 55. Tofauti hiyo ya kilo 25 haiondolewi kwa nguvu za ujana, bali hulipwa na pingili za mgongo, na malipo yake mara nyingi huja baada ya miaka kadhaa, wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka ghala gani lilihusika.

Kwa kuwa msimamizi wa ghala hawezi kubadilisha kipimo cha gunia la soko zima, anachoweza kufanya ni kupunguza mara ambazo gunia hilo hubebwa na urefu wa safari yake. Mizani iwekwe karibu na mlango anakoshushia mzigo mwenye roli, siyo upande wa pili kwa sababu tu ndiko iliko meza ya karani. Kuwe na toroli mbili tatu zenye matairi mazima, na sakafu izibwe mashimo ili toroli zipite. Ninasisitiza jambo la sakafu, maana nimewahi kukuta toroli mpya zimeegemezwa ukutani msimu mzima kwa kuwa gurudumu lilikuwa likinasa kwenye ufa mmoja ambao mfuko mmoja wa saruji ungeuziba.

Mahali ambapo ni lazima gunia libebwe, watu wawili wamtwishe anayebeba, na gunia liinuliwe kutoka kwenye jukwaa lenye kimo cha kiuno badala ya kuinuliwa kutoka chini, kwa sababu kuinama na kunyanyuka na uzito huo ndipo mgongo unapoumia zaidi kuliko kutembea nao. Malipo ya kubeba kwa gunia huwafanya watu wakimbie. Msimamizi aweke mapumziko yanayojulikana, na apange zamu ili kundi lililokuwa likibeba lihamie kwenye kushona midomo ya magunia au kufagia.

Hatua ya tatu: lipange rundo kama mwashi anavyopanga matofali

Hapa ndipo ajali mbaya zaidi za ghala hutokea, na ndipo ninapomwomba msomaji asome polepole.

Rundo lianzie juu ya chaga za mbao nzima, lisianzie sakafuni. Chaga huzuia unyevu, na unyevu ni suala la usalama pia, kwa kuwa gunia la chini likilowa huoza nyuzi zake, na gunia lililooza haliwezi kubeba mengine. Magunia ya kila tabaka yakingamane na ya tabaka la chini yake, ili hakuna mshono unaopanda wima toka chini hadi juu. Kila baada ya matabaka machache, rundo lipunguzwe kidogo kwa ndani. Iachwe nafasi ya mita moja kati ya rundo na ukuta, na njia kati ya rundo na rundo iwe pana kiasi cha watu wawili wenye mizigo kupishana bila kugusana. Kimo kisizidi pale ambapo kuli aliyesimama kwenye ngazi ya magunia anaweza kupokea mzigo bila mwenzake kuurusha. Ukiona magunia yanarushwa, ujue rundo limeshapita kimo chake.

Baada ya korosho, maghala yetu mengi hupokea ufuta na mbaazi katika viroba vya plastiki. Viroba huteleza kuliko juti, na ufuta ndani yake hutembea kama mchanga, kwa hiyo kimo kilichofaa kwa korosho kisitumiwe kwa ufuta. Kipunguzwe.

Msimu mmoja, katika ghala ambalo nilikuwa karani wa mizani, tuliona asubuhi korosho kama kumi zimelala kwenye njia kati ya marundo mawili. Mfagiaji akazifagia. Siku iliyofuata zilikuwa konzi mbili, akazifagia tena. Siku ya nne, mtunza ghala, mzee aliyewahi kuwa fundi mwashi, alizifuata kwa macho hadi kwenye gunia la tabaka la pili ambalo panya alikuwa amelitoboa pembeni. Gunia lilikuwa limelegea kama tumbo la mwenye njaa, na yote yaliyokuwa juu yake yalikuwa yameanza kuegemea upande wangu. Alitoa mfukoni timazi, kamba yenye uzito nchani ya kupimia kama kitu kimesimama wima, akaining'iniza kutoka ukingo wa juu wa rundo, na kamba ilipotulia, ncha ya timazi ilikuwa mbali na gunia la chini kwa zaidi ya upana wa kiganja. Njia ilifungwa kwa kamba, rundo likashushwa kutoka juu, gunia kwa gunia, na kiti changu kikahamishwa. Kazi hiyo ilituchukua nusu siku, na wenye maroli walilalamika sana.

Tangu wakati huo ninashauri kila ghala liwe na timazi, ambayo ni kamba na kipande cha chuma tu, na kila rundo lipimwe kila asubuhi pande zote nne. Korosho zilizomwagika zisifagiliwe kabla haijajulikana zimetoka wapi. Na isiruhusiwe kwa hali yoyote kuchomoa gunia la katikati au la chini ili kuokoa muda, hata kama mnunuzi anataka hasa mzigo wa namba fulani.

Hatua ya nne: maroli, umeme na moto

Roli linaporudi nyuma, liongozwe na mtu mmoja tu aliyeteuliwa, anayesimama pembeni mahali ambapo dereva anamwona kwenye kioo. Dereva asipomwona, asimame. Magurudumu yawekewe vigingi kabla mtu hajapanda kupakia. Vibarua wasilale chini ya maroli mchana, jambo ambalo kila mwenye ghala anasema halitokei kwake, na hutokea kwa kuwa hakuna kivuli kingine. Wajengewe kibanda cha makuti.

Kuhusu umeme, waya zilizochunika na soketi zilizofungwa kwa plasta zikarabatiwe na fundi mwenye leseni kabla ya msimu, na taa zisining'inie juu ya magunia, kwa sababu taa yenye joto ikigusana na juti kavu ni kiberiti.

Salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe, nayo huhifadhiwa mara nyingi katika ghala lilelile. Itengewe chumba chake. Vumbi la salfa hushika moto kwa cheche ndogo, na likiungua hutoa gesi inayokaba koo na kuunguza mapafu. Chumba hicho kiwe kikavu, mifuko iliyopasuka izolewe kwa ufagio laini bila kutimua vumbi, na hakuna kuvuta sigara wala kuchomelea chuma karibu nacho. Mitungi ya kuzimia moto itundikwe karibu na milango, pasipo kuzibwa na mzigo, na mshale wa geji yake uangaliwe kila mwezi. Ndoo za mchanga ziwepo pia, maana hazihitaji fundi. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na iandikwe ukutani kwa rangi. Lakini kwa maghala yaliyo vijijini, gari linaweza kuchukua muda mrefu kufika, hivyo mlango wa pili wa kutokea usifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani.

Hatua ya tano: ufukizaji wa wadudu uachiwe wenye ujuzi

Vidonge vinavyotumika kufukiza mazao ghalani hutoa gesi ya fosfini vinapokutana na unyevu wa hewa. Gesi hii haina dawa maalumu ya kuipoza mwilini. Wengine hunusa harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyevunda, lakini pua si kipimo, kwa kuwa gesi inaweza kuwa ya kudhuru kabla harufu haijasikika.

Kwa hiyo kazi hii ifanywe na mfukizaji anayetambuliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, na siyo na mtunza ghala aliyenunua vidonge dukani. Magunia yafunikwe kwa turubai zisizopitisha hewa, mabango yawekwe kwenye kila mlango, na mlinzi asilale ndani wala kwenye chumba kinachopakana na ghala kwa ukuta mmoja. Suala la mlinzi husahaulika kuliko yote. Ghala lisifunguliwe mpaka mfukizaji arudi na kipimo chake, apime, na aandike kuwa hewa ni salama. Mabaki ya vidonge, yanayofanana na majivu, yasimwagiwe maji wala kurundikwa kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa sababu yanaweza kutoa gesi tena na hata kuwaka.

Mtu akianza kukohoa, kuhisi kizunguzungu, kubanwa kifua au kutapika, atolewe kwenye hewa safi na apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe wazi kuwa ni fosfini. Maziwa ambayo watu hukimbilia kumnywesha hayaondoi gesi iliyokwisha kuingia mapafuni, na yanapoteza muda.

Hatua ya sita: banda la kubangua na mafuta ya ganda

Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma ngozi, nayo ni ya ukoo mmoja na utomvu wa mwembe unaowatoa watoto malengelenge midomoni. Mama aliyebangua kwa miaka mingi hutambulika kwa ncha za vidole zilizobadilika rangi na kuchunika. Watu wamelizoea jambo hili hata wakaliona kuwa ndiyo kazi yenyewe, na mimi ninaamini mazoea hayo ndiyo adui mkubwa hapa.

Tuanze na njia ya kazi. Kuchoma korosho kwenye karai au bati juu ya moto wa wazi kunalipua mafuta ya ganda, na moshi wake huwasha macho na kifua hata kwa jirani. Kikundi chenye uwezo kihamie kwenye kuchemsha kwa mvuke, kisha kubangua kwa mashine ya mkono na mguu. Hatari haimaliziki, lakini moshi na miali huondoka. Kikundi ambacho bado kinachoma, kichomee nje ya banda, upande ambao upepo hauelekei kwa watu, na kamwe kisimwage maji juu ya mafuta yanayowaka. Moto huo ufunikwe kwa bati au mchanga.

Chombo cha mvuke nacho kina hatari yake. Vali ya usalama isifungwe kwa waya wala kuzibwa kwa sababu "inapoteza mvuke". Kazi yake ni hiyo. Boila ikaguliwe na OSHA kabla ya kutumika, na mfuniko usifunguliwe mpaka geji isome sifuri.

Kwenye meza ya kubangulia, mikono ipakwe mafuta ya kula au ya mbarika kabla ya kuanza na kila baada ya mapumziko, ili mafuta ya ganda yasipenye kwenye ngozi. Glavu za mpira mzito zinafaa kwa anayepakia na kupakua korosho zilizochemshwa. Anayebangua huzivua kwa kuwa zinamnyima wepesi wa vidole, na badala ya kugombana naye, apewe glavu nyembamba zinazombana na azibadilishe zikichanika. Miwani iwepo kwa kila mbanguaji, maana mafuta huruka wakati kisu kinapovunja ganda. Kisu cha mashine kiwe na kizuizi, na mtoto asikae mezani.

Ngozi ikiingiwa na mafuta, yafutwe kwanza kwa kitambaa kikavu chenye mafuta ya kula kidogo, ndipo sabuni na maji vifuate, kwa sababu maji peke yake huyasambaza. Yakiingia jichoni, jicho lisuuzwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Aliyeungua kwa mvuke apozwe kwa maji ya kawaida kwa dakika 20, bila kupakwa dawa ya meno wala asali.

Yote hayo yanahitaji maji, na mtu wa Newala au Tandahimba anajua thamani ya ndoo moja juu ya uwanda ule wa Makonde, ambako maji ni haba. Ndiyo maana maji ya kunawia yaingizwe kwenye hesabu ya gharama za banda kama zilivyo kuni na vifungashio, na kibuyu chirizi, yaani kidumu cha maji kinachoinamishwa kwa mguu, kitundikwe hatua chache kutoka mezani, kwa kuwa hutumia maji kidogo na humruhusu mtu kunawa bila kushika chochote kwa mikono michafu.

Hatua ya saba: joto

Ghala la bati mwezi wa Novemba ni tanuri. Matundu ya juu yafunguliwe, kazi nzito ifanywe alfajiri na jioni, na maji ya kunywa yawekwe ndani ya ghala, siyo ofisini kwa katibu. Anayebeba mzigo akianza kuongea bila mpangilio au akiacha kutoka jasho, asiambiwe apumzike tu. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwilini na gari litafutwe.

Hatua ya nane: kibarua mpya na daftari

Hakuna aanzaye kazi kabla ya kupewa nusu saa ya maelekezo, akionyeshwa kwa macho mlango wa pili, mitungi ya kuzimia moto, mahali pa kunawia, na rundo ambalo hatakiwi kupita karibu nalo. Aelezwe kwa Kiswahili chepesi, au kwa Kimakonde, Kiyao au Kimwera pale inapofaa, na aambiwe kwamba akiona jambo la hatari anaruhusiwa kusimamisha kazi bila kukatwa ujira wa siku.

Kila ajali iandikwe siku hiyohiyo, pamoja na jina la aliyeumia, saa, mahali na walioshuhudia, kwa kuwa bila maandishi hayo madai katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, huwa magumu. Mchango wa mfuko huo hutolewa na mwajiri, mfanyakazi hakatwi, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo inayoweka msingi wake. Taarifa ya ajali itumwe WCF na OSHA bila kusubiri msimu uishe.

Mbali na ajali, yaandikwe pia matukio ambayo yaliponea chupuchupu: gunia lililoanguka pasipo na mtu, roli lililogusa nguzo, korosho kumi zilizokutwa njiani. Daftari hilo lifungwe kwa kamba kwenye meza ya mizani pamoja na kalamu yake, ili karani asiwe na kisingizio, na msimu ukiisha likabidhiwe kwa mtunza ghala ajaye kwa sahihi, pamoja na funguo na timazi.